Muulize Fundi: Kabla ya kutazama kioo, tafuta tano

SWALI: Fundi, shikamoo. Baba yangu ana miaka 74. Simu ya kugusa imemshinda, kanirudishia na kusema anataka "ile ya kubonyeza". Nimeona tatu, na maandishi ya kwenye maboksi yanafanana: kioo cha inchi 1.8, tochi, redio, laini mbili. Macho yake yamepungua nguvu, na alikuwa mwashi, dole gumba lake ni nene. Nitajuaje ipi itamfaa? *Binti wa mwashi*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hayo maboksi yaweke pembeni. Boksi litakutajia redio na tochi, lakini sijaona hata moja lililoandika jinsi kitufe kinavyobonyea, na hicho ndicho baba atashinda nacho kutwa.

Omba simu zenyewe, zitiwe betri, ziwashwe. Zile za kwenye kabati mara nyingi zimebandikwa plastiki yenye picha ya saa na menyu. Nimewahi kumsikia mteja akisifia rangi za plastiki hiyo kwa dakika nzima, na muuzaji anaitikia tu.

Zikishawaka, bado usitazame kioo. Shika moja, inua macho juu, acha dole gumba litafute tano lenyewe. Kitufe cha 5 kinatakiwa kiwe na kichunusi, kidoa kilichoinuka. Kwa mwenye macho hafifu hapo ndipo pa kuanzia: akishakipata, 2 iko juu, 8 iko chini, 4 kushoto, 6 kulia, na hana haja ya kuvaa miwani ili apige simu. Kuna watengenezaji wanaokichora kichunusi kwa rangi bila kukiinua. Kinaonekana, hakishikiki. Simu ya namna hiyo irudishe mezani.

Kutoka tano telezesha kidole hadi sita. Umehisi mpaka? Vitufe bapa vinavyong'aa vinapendeza kwenye picha, lakini kwa mtu aliyeshika mwiko maisha yake yote, ngozi ya ncha ya kidole ikawa gamba, huo ni ukuta mmoja uliopigwa lipu. Anahitaji kila kitufe kiwe na mgongo, au angalau pawe na mfereji kati ya mstari na mstari.

Sasa bonyeza. Chini ya kila kitufe kuna kibati chembamba kilichobinuka kama mgongo wa kijiko. Ukikisukuma kinabonyea ghafla na kuunganisha njia za umeme kwenye bodi, ukikiachia kinarudi. Ile "tik" unayoihisi ndiyo inayokwambia kibati kimebonyea. Kosa la wanunuzi ni kubonyeza katikati, ambako karibu kila simu mpya ni tamu. Wewe bonyeza pembeni: kona ya 1, kona ya 3, kona ya nyota, kona ya reli (#). Kitufe kikilala upande bila kutoa "tik", baba atadhani namba imeingia kumbe haijaingia, na lawama utazibeba wewe.

Jaribio ninalolipenda zaidi ni hili: nyota, reli, sifuri, sita, reli. Kioo kitaonyesha IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, tarakimu 15, na simu ya laini mbili kwa kawaida itaonyesha mbili. Ilinganishe na ya kwenye boksi, hilo ni jambo lake. Lakini kabla ya hapo mpe baba simu aishike umbali anaoushikia siku zote, akusomee tarakimu zile kwa sauti. Akisoma 8 badala ya 3, au akianza kurudisha kichwa nyuma, umepata jibu la kioo bila kupima inchi.

Maana inchi zinadanganya. Vioo viwili vya inchi 1.8 vinaweza kuwa na nukta zilezile, 128 kwa 160, kimoja kikaandika meseji kwa herufi unazozisoma ukiwa umesimama, kingine kwa herufi ndogo kama sisimizi. Tarakimu za kupigia huwa kubwa kwenye simu nyingi, na hapo ndipo watu wanaporidhika haraka. Ingia ndani ya meseji. Ingia kwenye majina, uhesabu mangapi yanaonekana kwa mara moja. Yakiwa matatu au manne, kwa baba ni heri kuliko manane. Halafu tafuta kwenye mipangilio kama ukubwa wa herufi unabadilika. Kwingine hiyo menyu ipo, ukiibadilisha hakuna kinachokua isipokuwa saa.

Kama baba huandika meseji, mwombe aandike maneno mawili: *mama* na *baba*. *Mama* ni rahisi, M iko kwenye 6 na A kwenye 2, mibonyezo minne kwisha. *Baba* ni kazi, kwa sababu B na A zote zinakaa kwenye 2: unabonyeza mara mbili, unasubiri, mara moja, unasubiri, unarudia tena. Usiposubiri, simu inakuandikia C au inazunguka tena. Muda huo wa kusubiri hutofautiana kati ya simu na simu, na mkono wa mzee una mwendo wake. Simu inayofunga herufi upesi mno itamnyima B, apate A mbili. Nyingine zinakuruhusu ubonyeze mshale wa kulia badala ya kusubiri. Muulize muuzaji, na asipojua, jaribu mwenyewe.

Hapa nitoke nje ya swali kidogo. Mpangilio wa herufi hizi haukumfikiria Mswahili. Kitufe cha 7 kina P, Q, R, S. Q hatuitumii, lakini imekaa katikati, hivyo R inataka mibonyezo mitatu na S minne. Kitufe cha 9 kina W, X, Y, Z, na X nayo tunaibeba bure kila tukiandika *ya* na *za*. *Shikamoo* ina herufi 8 na mibonyezo 19, nimeihesabu zaidi ya mara moja nikisubiri solda ipate moto.

Turudi kwa baba. Kile kiduara cha mishale kilicho juu ya vitufe kiangalie kwa makini. Kama kitufe cha katikati kimezama chini ya ukingo wa mishale, dole nene litabonyeza vyote viwili: anataka kukubali, anajikuta kwenye kamera au kwenye intaneti. Katikati pawe pameinuka kuliko pembeni, au pawe na nafasi ya wazi. Ingia pia kwenye mipangilio uone kama njia za mkato za mishale zinaweza kubadilishwa. Kitufe cha kijani na chekundu visiwe jirani wa kugusana, na chekundu kisiwe kile kile cha kurudi nyuma. Mzee akikosea herufi anataka kufuta, hataki kukata.

Kuhusu kufunga vitufe nina kovu langu. Nilimnunulia mjomba simu nzuri, vitufe laini mno, na hiyo simu haikujifunga yenyewe hadi uingie menyu ya nne kuiamuru. Sikuingia. Kwa wiki mbili alinipigia saa tisa usiku, kila usiku. Napokea kwa moyo kunidunda, nasikia shati linachakacha na mtu anakoroma. Nilikuwa nimejiweka mwenyewe kwenye namba 2 ya kupiga haraka. Kwa hiyo weka kujifunga kwenye sekunde 30 au dakika moja, halafu mfundishe kufungua mbele yako, mara kumi. Ikiwa kufungua ni vitufe viwili kwa mfuatano, hakikisha simu inampa muda wa kutosha kati ya cha kwanza na cha pili. Na hapo hapo jaribu tochi: swichi ya ubavuni ni bora kuliko kushikilia kitufe, kwa kuwa tochi hutafutwa gizani.

Kati ya hizo tatu, nenda na baba mwenyewe. Achague kwa dole lake.

SWALI: Nimenunua kiswaswadu chenye kioo cha rangi. Ndani ya nyumba kinang'aa vizuri, nikitoka juani sioni hata nani anapiga. Cha zamani cha rangi moja nilikuwa nakiona hata saa sita mchana. Nimeuziwa kibovu?

JIBU: Hujauziwa kibovu. Kioo cha zamani cha rangi moja kilikuwa kinarudisha mwanga unaokipiga: jua likizidi, maandishi yanazidi kukolea. Nokia 3310 ya mwaka 2000 ilikuwa na nukta 84 kwa 48 tu, na ukitoka nayo juani ilisomeka bila taa. Kioo cha rangi hutegemea taa iliyo nyuma yake, na taa ile haiwezi kushindana na jua.

Unachoweza kufanya ni kuondoa picha ya nyuma. Weka mandhari meupe, maandishi meusi, basi. Picha ya maua ya zambarau chini ya jina la anayepiga ni adui yako. Pandisha mwanga hadi juu, na uongeze muda wa taa kubaki imewaka, ingawa betri italipia. Jaribu pia kuinamisha simu. Vioo vingi vya bei rahisi vina upande mmoja ambao rangi zinageuka kama negativu ya picha, na huenda wewe unakishikilia upande huo huo.

Wanaosoma hili kabla ya kununua: toka nayo nje, simama juani, mtu akupigie. Muuzaji akikataa usivuke mlango, simama basi mlangoni.

SWALI: Mimi ni mhasibu. Nikipiga simu nakosea namba mara kwa mara, kwa sababu kwenye kikokotoo 1 iko chini na kwenye simu iko juu. Nani alituletea fujo hii?

JIBU: Vikokotoo vimerithi mpangilio wa mashine za kujumlishia, 7, 8, 9 juu. Simu ilipita njia yake. Watafiti wa Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu nchini Marekani, walijaribu mipangilio zaidi ya kumi ya vitufe, ukiwemo wa duara, wakipima kasi, makosa na kile ambacho watu wenyewe walikipenda. Matokeo yakachapishwa mwaka 1960, na mpangilio wa 1, 2, 3 juu ndio uliochukuliwa. Simu za vitufe zikaingia kwa wateja mwaka 1963, zikiwa na vitufe 10 tu. Nyota na reli zilikuja mwaka 1968. Simu ya mkononi ilirithi kila kitu kama kilivyokuwa.

Kwa hiyo wewe una mazoea mawili kwenye mkono mmoja. Nilimshauri mhasibu mwingine apige simu kwa dole gumba la kushoto na kikokotoo akiachie mkono wa kulia. Alisema makosa yalipungua. Sijui kama ni mkono au ni kwa sababu alianza kupunguza haraka.

SWALI: Kitufe cha 4 kwenye simu yangu nikibonyeza mara moja kinaandika 44. Fundi mmoja anasema nibadilishe bodi nzima. Ni kweli?

JIBU: Usikimbilie bodi. Mara nyingi ni uchafu au unyevu chini ya kile kibati: kinagusa, kinaachia, kinagusa tena, na simu inahesabu mara mbili. Simu ifunguliwe, raba ya vitufe itolewe ioshwe na ikaushwe kabisa, kibati kifunuliwe, na njia za umeme zipanguswe kwa spiriti na pamba. Kibati chenyewe kikiwa kimelegea au kimepasuka, kinabadilishwa hicho kimoja. Bodi ni ya kufikiria pale ambapo kutu imekula njia zenyewe.

Angalia aina ya vitufe vyako. Vilivyo kwenye raba moja isiyo na matundu huchelewa kupata tatizo hilo, maana vumbi na jasho havina pa kupita. Nokia 1100 ya mwaka 2003 ilikuwa na raba ya namna hiyo, na niliyoifungua baada ya miaka mingi ya kazi niliikuta safi ndani kuliko meza yangu. Vile vinavyosimama kimoja kimoja vina raha kidoleni, ila kila mwanya ni mlango.

SWALI: Namba zimefutika kwenye vitufe. Naweza kuziandika upya kwa kalamu ya wino usiofutika?

JIBU: Unaweza, zitakaa siku nne. Nunua raba mpya ya modeli yako. Na safari hii pitisha ukucha juu ya namba kabla ya kulipa: ukucha ukikwaruza rangi, imechapwa juu na itafutika, ukiteleza bila kugusa wino, namba iko chini ya plastiki angavu.