Kishikwambi Kinafaa Zaidi Kwenye Kikao cha Walimu

Baada ya Sensa ya Agosti 2022, vishikwambi vya makarani tuligawiwa walimu. Vingi, tuseme ukweli, vimeishia wasapu na picha za mahafali. Sina ugomvi na hilo. Ila kama Jumuiya ya Ujifunzaji ya shuleni kwenu inakutana kila wiki chini ya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini), kuna kazi moja ninayoipigia debe kuliko zote: pigeni picha madaftari ya watoto, mkaziangalie pamoja.

Kwetu tulianza na hesabu za sehemu. Mwalimu wa darasa la tano alileta picha chache, majina kayaziba. Mtoto mmoja kaandika 1/2 + 1/3 = 2/5. Mwenzetu wa Sayansi akasema huyo kujumlisha hajui. Madam wa darasa la pili akaikuza picha kwa vidole. "Mbona anajua? Moja na moja mbili, mbili na tatu tano. Huyu anaona namba nne, sehemu hazioni."

Kikao kikachangamka. Habari za watoto wazembe zikaisha, tukapanga kipindi: vipande viwili vya karatasi vilivyo sawa, kimoja kikunjwe nusu, kingine theluthi, kisha watoto waulizwe kama jibu linaweza kuwa dogo kuliko nusu waliyoanza nayo. Mmoja akafundisha, wengine tukakaa nyuma tukiwatazama watoto.

Watoto, si mwalimu. Mwalimu akihisi anakaguliwa, atawafundishia wageni. Mwalimu mkuu naye akija kikaoni avue koti la uthibiti ubora, la sivyo hakuna atakayeleta daftari lenye makosa. Yataletwa yale yenye vema tupu.

Mengine ni ya kawaida. Moduli na vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) vipakueni mapema mtandao ukiwa mzuri, na bando lisitoke mfukoni mwa mtu yuleyule kila wiki. Darasani, kishikwambi kimoja kwa kikundi kinatosha, mradi anayekishika asiwe ndiye anayejibu. Anayejibu awe yule aliyekaa mbali nacho, wenzake wamweleze mpaka aelewe.

Na picha zile mkimaliza, zifuteni. Ni makosa ya watoto wa watu, hayafai kuzunguka kwenye magrupu.