"Unlock" si kutofunga, na "inflammable" inawaka

Mkuu, umeuliza mawili: mwanao wa kidato cha kwanza ashike vipi viambishi vya Kiingereza un-, in-, im-, il-, dis- na mis-, na kama kopo la tina ya kuchanganyia rangi lililoandikwa "inflammable" linaweza kukaa jikoni. Nafundisha Kiingereza sekondari, lakini naanza na kopo kwa sababu hilo lina hatari. Litoe jikoni leo. "Inflammable" ni kitu kinachoshika moto upesi, sawasawa na "flammable". Hiyo in- ya mwanzo haikanushi; ni ya Kilatini yenye maana ya "ndani", ile ile iliyomo kwenye "inflame". Wenye lugha yao pia walikuwa wanapotea hapo, ndiyo maana katika karne ya 20 watu wa usalama wa moto walihimiza lebo ziandikwe "flammable". Kisichowaka kinaandikwa "non-flammable".

Sasa ya mtoto. Kinachoniumiza ni kuona watoto wakikaririshwa kwamba un- maana yake ni "si", basi, wakaachwa hapo. Matokeo yake mwanafunzi anataka kusema hakufunga mlango usiku, anaandika "I unlocked the door". Amesema aliufungua!

Un- ziko mbili, na asili zake ni tofauti. Ya kwanza hukaa mbele ya kivumishi na kweli hukanusha: "unhappy", "unfair", "unclean". Ya pili hukaa mbele ya kitenzi na kazi yake ni kutengua kilichokwisha kufanyika. Hii mtoto wetu anayo tangu hajaanza shule, kwa sababu ndiyo kauli yetu ya kutendua: funga, fungua, kunja, kunjua, pakia, pakua, chomeka, chomoa. "Fold" na "unfold" ni kunja na kunjua. "Plug in" na "unplug" ni chomeka na chomoa. Hata "unearth" ina mwenzake, fukua, kinyume cha fukia. Nikifundisha kwa njia hii darasa linaelewa haraka, na wanaona wenyewe kwa nini "The door was unlocked" ina maana mbili: mlango haukuwa umefungwa, au mtu aliufungua.

Kuhusu im-, il- na ir-, asizikariri kama viambishi vipya. Zote ni in- ya Kilatini iliyobadilika kufuata herufi inayofuata: m mbele ya p, b na m ("impossible", "imbalance", "immature"), l mbele ya l ("illegal"), r mbele ya r ("irregular"). Midomo yetu inafanya jambo kama hilo kwenye ngeli ya U-ZI: ubavu unakuwa mbavu, hakuna anayesema "nbavu". Kwenye ulimi na ndimi sisi tumeibadilisha L ikawa D; Kilatini kilibadilisha N.

Lini un-, lini in-? Maneno ya asili ya Kiingereza huchukua un-, ya Kilatini mara nyingi in-, lakini "unpopular" na "unimportant" zinavunja kanuni hiyo, kwa hiyo kusoma sana ndiyo dawa. Mtego wa kumwonyesha mapema ni kivumishi kuwa na un- huku nomino yake ikichukua in-: "unable" na "inability", "unequal" na "inequality", "unjust" na "injustice". Aandike jozi kama hizo kwenye daftari, pamoja.

Mis- ni kufanya vibaya. Aliye "uninformed" hana habari. "Misinformed" anayo, ila ya uongo. Dis- ina mambo mengi, ila kwa sasa ajue jozi moja tu inayosumbua hata wakubwa: hakimu anatakiwa awe "disinterested", yaani asiye na maslahi kwenye kesi. Asiyejali kesi yenyewe ni "uninterested", na huyo hafai kuisikiliza.