Maswali na majibu: Programu ibebe maktaba yake au iazime?

Kifaa changu cha Linux kina fleshi ya MB 8. Nikijenga programu zote tuli (kila moja na maktaba zake ndani), si kila moja itabeba maktaba ya C ya kwake mpaka nafasi iishe?

Itaisha, ukizijenga moja moja. Dawa yake ni kuzikusanya amri kama ls, cp, mount na wenzao kwenye faili moja, na kila jina libaki kiungo tu cha faili hiyo. Programu hutazama imeitwa kwa jina gani, ikajua la kufanya. BusyBox, iliyoanzishwa na Bruce Perens mwaka 1995 kwa ajili ya diski za Debian, ndivyo ilivyo. Upande wa BSD, mifumo mingine ya jamii ya Unix, kuna crunchgen inayounganisha programu hivyohivyo. Maktaba ya C inaingia mara moja tu.

Hata RAM haiteketei kama wengi wanavyohofia. Michakato kumi ya faili moja husoma kurasa zilezile za msimbo. Kila mmoja huongeza data yake tu. Maktaba za pamoja, yaani faili za peke yake zinazoazimwa na programu nyingi, huanza kulipa pale programu kubwa kadhaa, zisizounganika, zinapoitumia maktaba ileile, kwa mfano ya TLS (ya kusimba mawasiliano ya mtandao).

Nimenakili programu kwenye ruta. ls inaionyesha, lakini nikiiendesha naambiwa "not found". Nimerogwa?

Hapana. Kinachokosekana ni kipakiaji, yaani programu inayoziunganisha maktaba za pamoja wakati wa kuanza. Faili inayotegemea maktaba za pamoja huandikwa ndani yake njia ya kipakiaji chake, labda /lib/ld-linux-armhf.so.3, cha glibc, maktaba ya C iliyo ya kawaida kwenye Linux. Ruta yenye musl, maktaba ndogo ya C, inacho /lib/ld-musl-armhf.so.1. Keneli, kiini cha mfumo, inakitafuta cha kwanza, inakikosa, na lawama inaangukia faili uliyoitaja wewe. Endesha readelf -l kwenye kompyuta yako, utaiona njia hiyo kwa macho. Kisha jenga upya kwa musl, au jenga tuli.

Tuli kwa glibc inafaa?

Kama haigusi mtandao wala majina ya watumiaji, sawa. Vinginevyo getaddrinfo, ya kutafuta anwani za mtandao, na wenzake watazitafuta maktaba za NSS (za kutafsiri majina) wakati wa kuendeshwa, na utuli wako ni wa jina tu. Mimi hutumia musl.

Na usalama?

Hapa maktaba za pamoja zinashinda. Heartbleed, kasoro ya maktaba ya TLS iitwayo OpenSSL, ilipofichuka 2014, aliyekuwa nazo alibadilisha OpenSSL, akawasha huduma upya, basi. Mwenye programu tuli alilazimika kujenga upya kila iliyoibeba. Ila kama kifaa chako husasishwa kwa kuandika mfumo mzima upya, tofauti ni ndogo.

Nikichagua za pamoja, nibakize chochote tuli?

Bakiza! Niliwahi kubadilisha jina la libc kwenye kifaa kilichokuwa kazini. ls ikagoma. mv, ambayo ingelirudisha jina, nayo ikagoma. Nilibaki na amri za ndani ya ganda (shell), nikisoma saraka kwa echo *, na mwisho nikaandika fleshi upya. FreeBSD, ilipozihamishia programu za /bin na /sbin kwenye maktaba za pamoja katika toleo la 5, iliweka /rescue yenye zana tuli. Nazo ni faili moja yenye majina mengi.