Kozi ya kulipia bila namba ya toleo? Usithubutu kuiweka

Mkuu, usiweke. Salamu baadaye.

Nimesoma swali lako nikahisi naibiwa upya. Una programu huria ya hesabu za vikoba, tovuti iko tayari, jamaa anataka kozi yake ya kulipia iwekwe kwenye ukurasa wa kujifunzia na wewe ule asilimia. Halafu unachouliza ni leseni tu, yaani masharti ya watu kuitumia programu, MIT au GPL, kana kwamba hiyo kozi haina shida. Sasa mimi ndiye niliyewahi kubofya kiungo kama hicho.

Nilipata kazi kwa mzee mmoja wa dagaa pale Mwaloni Kirumba, Mwanza. Alitaka aachane na kauntabuku: gunia limetoka kisiwa gani, nani kachukua kwa mkopo, nani anajificha. Django, yaani vifaa vya kujengea mifumo ya tovuti kwa lugha ya programu ya Python, nilikuwa naijua kwa kudokoadokoa. Nikaingia kwenye tovuti ya maktaba moja (msimbo wa tayari) ya kuongezea kwenye Django, jina naliacha, nikakuta "Jifunze hapa", unapelekwa kwenye kozi ya kulipia. Nikajiambia wenye mradi wameiweka wenyewe, maana yake wameikagua. Nikatoa laki na ushee. Kumbe waliiweka zamani, asilimia inaingia, na hakuna aliyewahi kuifungua tena!

Somo la kwanza tu, kosa. Mkufunzi anaandika url(), amri ya kupanga anwani za kurasa, kwangu inagoma. Na ilikuwa lazima igome: path(), iliyochukua nafasi yake, ilikuja na Django 2.0 Desemba 2017, na url() ya django.conf.urls ikaondolewa kabisa kwenye 4.0, Desemba 2021. Ningeishia hapo ningepoteza laki tu. Nikamwandikia mkufunzi, akanijibu kwa mstari mmoja: shusha toleo, weka 1.11. Hiyo 1.11 ilishaachwa tangu Aprili 2020, hata marekebisho ya usalama haipati! Alijua, ila kurekodi upya ni kazi na hela yangu ilishaingia. Nami nikashusha. Nikashusha na Python ili zielewane, nikamjengea mzee wa watu mfumo mzima humo.

Ukafanya kazi vizuri, na hilo ndilo linaloniuma. Mzee akanisifia kwa wenzake. Kisha wenye seva wakahamia Python 3.10, ambayo imeondoa vitu ambavyo Django ile ya zamani inavitegemea. Mfumo chali. Na ungekufa wakati wa mbalamwezi, wavuvi wakiwa wamepumzika, ningepona. Ulikufa katikati ya giza, taa zimejaa ziwani, magunia yanashuka. Mzee anapiga: "Mwanangu, sasa nani ananidai na nani namdai?" Simu moja nilimwamkia mara mbili kwa kukosa la kusema. Nikarudisha sehemu ya pesa na kuuandika upya mfumo wote bure. Mke wangu akaona nakesha nanong'ona na simu, akajua nina mchepuko. Nikamwonyesha url(). Akasema afadhali ungekuwa mchepuko.

Na asije mtu hapa na "ungesoma nyaraka". Najua. Mafunzo ya Django yenyewe, yale ya kujenga programu ya kura za maoni, ni bure, na kwenye ukurasa unachagua toleo unalotumia. Niliyaruka kwa sababu Kiingereza ni kirefu na bando la video nilikuwa nalo. Chekeni mmalize.

Kulipia si tatizo. Rust, lugha nyingine ya programu, wana kitabu chao kinasomwa bure kwenye tovuti ya mradi, anayetaka cha karatasi ananunua, hakuna aliyefichwa kitu. Wewe ukishikilia kuweka hicho kiungo, pembeni yake andika kozi inafundisha toleo lipi, umeikagua lini, na kwamba unapata asilimia. Ukitoa toleo jipya na kozi bado ni ileile, kiungo kitoke siku hiyohiyo. Usiseme utakikumbuka, hata wale wa maktaba yangu nina uhakika walisema watakumbuka. Na mtu wa kikoba akiharibikiwa hatamjua huyo jamaa wako, atakujua wewe na jina lako liko juu ya ukurasa.

Mpigie leo umuulize alirekodi kwa toleo gani. Akikujibu "inafaa matoleo yote", mpige bloku.