Override si kufuta tu

Ndugu, umeuliza maana na asili ya kitenzi cha Kiingereza override, na kama "kufuta" inatosha kukitafsiri. Mara nyingi haitoshi.

Kimeundwa na over, yaani juu, na ride, kupanda farasi. Katika Kiingereza cha kale kilimaanisha kupita mahali ukiwa juu ya farasi. Baadaye kikabeba picha ya kumkanyaga mtu kwa kwato, kisha kikahamia kwenye maamuzi: mwenye mamlaka zaidi anapita juu ya neno la mwenzake.

Tazama Marekani. Rais akitumia kura ya turufu, yaani akikataa mswada na kuurudisha, Congress, bunge la nchi hiyo lenye mabaraza mawili, inaweza kuupitisha vilevile kwa theluthi mbili ya kura katika kila baraza. Mara ya kwanza ilikuwa 1845, dhidi ya Rais John Tyler. Kukataa kwa rais kunabaki kwenye kumbukumbu. Kumekosa nguvu tu. Ndiyo maana hapo napenda "kuishinda kura ya turufu", na kwa uamuzi wa bosi juu ya mtu wa chini yake, "kutengua".

Kama sentensi yako ni ya hakimu kukataa pingamizi la wakili, hiyo ni overrule. Andika "kutupilia mbali".