Barua kwa mwanangu: damu unayotaka kuitoa

Mwanangu Neema,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Hapa Mpwapwa hatujambo. Uwele umebeba vizuri mwaka huu, na mguu wa mama yako umepunguza kusumbua. Nimechukua wiki tatu kukujibu kwa sababu swali lako halikuwa la kujibiwa kwa simu.

Umeniandikia kwamba huko Boston wapo watu wanaotafuta wa kujitolea. Uwape mate na damu wasome vinasaba vyako vyote, uwape na historia ya afya yako tangu utoto, halafu kila kitu kiwekwe wazi, mtafiti yeyote duniani akisome bila kuomba ruhusa. Ukasema mradi wenyewe unafuata mfano wa ule alioanzisha George Church wa Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 2005. Ukamalizia, "Baba, nikikubali utaona nimekosea?"

Kutoa hujakosea. Ila mlango huo, ule ulio wazi kabisa, nakuomba usiupite. Ngoja nikueleze, na nitaanzia mahali ninapopajua.

Kazi niliyoifanya miaka 31 unaijua, ya kuandika kumbukumbu za ng'ombe wa mbegu. Saa kumi na moja alfajiri ndoo ya maziwa inaning'inizwa kwenye mizani, naandika namba ya hereni, mama yake, dume lililomzaa, kilo za asubuhi. Jioni tena. Ng'ombe wa aina ya Mpwapwa hakuokotwa porini. Ni zebu wa hapa kwetu na Boran, wakachanganywa na Sahiwal na Red Sindhi wa upande wa India na Pakistani, na damu kidogo ya Ayrshire ya Uskochi. Aliyemtengeneza ni daftari. Wasingekuwepo watu wa kuandika kila siku nani kazaa nani, nani kakauka maziwa mapema, nani kavuka kiangazi akiwa na nyama mbavuni, ng'ombe yule asingepatikana. Kwa hiyo mtu hawezi kuniambia mimi kwamba kumbukumbu za kizazi hazina faida.

Lakini ng'ombe hatukumwomba ridhaa. Na daftari lake likionyesha kwamba dume la jirani liliruka uzio usiku, hakuna nyumba inayovunjika.

Sasa nije kwa mdogo wako Yohana. Wewe ulikuwa na miaka saba alipofariki, nadhani unakumbuka kilio kuliko ugonjwa. Mimi nina daftari lake. Mtu aliyezoea kuandika kazini hawezi kukaa na mtoto mgonjwa bila kuandika. Limo kabatini, limefungwa kwa kamba ya katani. Ukurasa wa kwanza ni Machi 1990, ana miezi tisa: "Vidole vya mikono yote vimevimba, vinang'aa. Hakulala. Homa." Mei: "Macho ya njano. Amepewa dawa ya malaria." Agosti: "Nyayo zimevimba. Dawa ya malaria." Nimehesabu, nimeandika dawa ya malaria mara 11. Kila tulipompeleka tulianza upya, kwa sababu kadi ya safari iliyopita haikuonekana na aliyetupokea jana leo hayupo. Mimi nilikuwa na daftari mkononi, na hakuna aliyelifungua.

Nikueleze na jambo ambalo hatukuwaambia ninyi watoto. Watu walituambia ni mkono wa mtu. Wakamtaja bibi mmoja jirani, na mama yako akaacha kumsalimu. Mwaka 2004 ndipo daktari mmoja kijana, akimshughulikia mtoto wa mjomba wako, alipotupima na sisi wawili akatuuliza kama tuliwahi kufiwa na mtoto. Wote tumebeba selimundu, ugonjwa wa damu unaorithiwa. Mume na mke wakiwa hivyo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto kuzaliwa na ugonjwa wenyewe. Tulirudi nyumbani hatusemezani. Yule bibi alikuwa ameshazikwa, hatukuwahi kumwomba radhi.

Siku hizi, pale Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa wanapandikiza uloto, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, kwa watoto wenye selimundu. Nilipolisikia hilo redioni nilizima nikatoka nje. Anayetafutwa kwanza kutoa uloto ni ndugu wa baba mmoja mama mmoja, kwa kuwa yeye ndiye mwenye nafasi kubwa ya kulingana na mgonjwa, na hata ndugu aliyebeba tu kama wewe anaweza kutoa. Ingekuwa zama zile, wewe ndiye ungepimwa wa kwanza. Ujuzi huo haukuanguka tu. Kuna wagonjwa na ndugu zao waliokubali kuchomwa sindano, wakaandikwa, wakafuatiliwa miaka, wengine wakijua wao wenyewe hawatapona.

Ndiyo maana nasema hujakosea. Na sisi watu wa huku tuna sababu ya ziada. Vinasaba vilivyosomwa duniani mpaka leo, sehemu kubwa mno ni vya watu wa asili ya Ulaya. Angalia habari ya maziwa. Mwaka 2002 watafiti wa Ufini waligundua badiliko dogo kwenye kinasaba linalomwezesha mtu mzima kunywa maziwa bila tumbo kumsokota. Ungelileta kipimo hicho huku kwa wafugaji, kingesema wengi wetu maziwa hatuyawezi, na sisi tunakunywa toka kuachishwa ziwa. Mtafiti wa Marekani, Sarah Tishkoff, na wenzake wakaja kupima watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudani. Waliwanywesha sukari ya maziwa iliyoyeyushwa kwenye maji, wakawa wanapima sukari ya damu kila baada ya muda. Wakakuta mabadiliko mengine matatu, tofauti na lile la Wazungu, yanayofanya kazi ile ile. Matokeo yalitoka mwishoni mwa 2006. Kama watu wale 470 wangekataa, kitabu kingeendelea kusema uongo juu yetu, wala si kwa ubaya, ni kwa kutotuona.

Basi kwa nini nakuzuia mlango wa wazi?

Nimesoma fomu ya ridhaa uliyonitumia, yote, kwa siku mbili, barazani. Nawaheshimu walioiandika kwa sababu hawakuficha. Wanataka hata mtu afaulu mtihani kwanza, kama walivyofanya wale wa Harvard, waone ameelewa anachotia saini. Wanasema wazi kwamba hawaahidi siri. Wanasema kikishanakiliwa hakirudi. Wanasema hata mtu mwenye ujuzi anaweza kutengeneza vinasaba vinavyofanana na vyako akaviacha mahali palipotendeka uhalifu. Hapo nilivua miwani.

Usijidanganye kwamba jina likiondolewa umefichika. Mwaka 2013 Latanya Sweeney, ambaye ni mtafiti wa huko huko Harvard, alichukua kumbukumbu za waliojitolea kwenye mradi wa Church, akatazama tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya posta, akalinganisha na orodha za wapiga kura, akawapata wengi kwa majina yao. Kama Mmarekani kati ya Wamarekani wenzake amepatikana, sembuse mwanamke aliyezaliwa Mpwapwa, anayeishi mtaa ule, mwenye mtoto mmoja na aliyebeba selimundu? Mko wangapi hapo Boston?

Ungekuwa unajitoa wewe peke yako, ningekuachia uamuzi. Umetimiza umri, akili zako nazijua. Lakini nusu ya vinasaba vyako umetoa kwangu na nusu kwa mama yako. Baraka amechukua nusu kutoka kwako, na ana miaka saba, hawezi kutia saini. Mwaka 2018 polisi wa California walimkamata muuaji waliyemtafuta zaidi ya miaka 40, na yeye hakuwahi kumpa mtu vinasaba vyake. Waliowafikisha polisi kwake ni ndugu zake wa mbali, waliokuwa wameweka vya kwao mahali pa wazi wakitafuta ukoo. Haki ilitendeka, nashukuru. Ila umeona jinsi mtu mmoja anavyoufungulia mlango ukoo mzima. Huko mna sheria ya mwaka 2008 inayomzuia mwajiri na bima ya afya kumbagua mtu kwa vinasaba vyake, lakini bima ya maisha haimo. Baraka akiwa mtu mzima atataka bima ya maisha.

Kuna na jambo jingine nitaligusa tu. Katika ukoo wetu yupo mtu aliyelelewa na baba ambaye hakumzaa, naye hajui. Wazee walilimaliza kabla hujazaliwa. Sitakutajia. Hapa kwetu mtu akisikia vinasaba, kwanza anawaza Mkemia Mkuu wa Serikali na kesi za mtoto ni wa nani, na si bure.

Jumapili ya juzi, baada ya ibada, niliwaita ndugu zako, shangazi yako na baba yako mdogo. Nilisoma barua yako mbele yao. Shangazi alisema, "Mwacheni atoe, Yohana hakuwa ng'ombe wa kufa bila sababu kujulikana." Baba yako mdogo alikataa katakata. Posa ya binti yake imepokelewa, ng'ombe wa mahari bado wanahesabiwa, anaogopa upande wa pili wasikie kwamba kwetu kuna selimundu. Hofu yake naielewa lakini nimemwambia amekosea. Yule binti na mchumba wake waende wakapime wote wawili kabla ya ndoa, wajue. Tukificha, tutazika mwingine na kumsingizia bibi mwingine. Alinyamaza. Jumatano alinipigia akaniuliza kipimo kinafanyika wapi.

Ndiyo ninayotaka uelewe. Walikubali au walikataa wakijua. Mwaka 1996 walikuja watu na gari, wakakaa chini ya mbuyu, wakatutoa damu kwenye vichupa vyenye kizibo cha zambarau. Wengi waliweka dole gumba kwenye karatasi wasiyoweza kuisoma. Walisema watarudi baada ya mavuno na majibu. Nimestaafu, hawajarudi. Sikumbuki hata waliposema wametoka. Kule Arizona wapo Wahavasupai, kabila dogo linaloishi chini bondeni, ambao kuanzia mwaka 1990 waliwapa watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona damu ili ichunguzwe kisukari kilichokuwa kinawamaliza. Baadaye wakagundua damu ile imetumika kuchunguza ugonjwa wa akili na hata asili ya kabila lao, mambo ambayo hawakuulizwa. Walikwenda mahakamani, na mwaka 2010 chuo kikafikia nao mapatano, wakalipwa dola 700,000 na damu yao ikarudishwa. Wakaichukua kwa maombi. Hao waliweza kuirudisha kwa sababu ilikuwa kwenye jokofu la mtu anayejulikana. Kilichowekwa wazi duniani kina jokofu gani?

Kwa hiyo nenda kwenye mlango wenye bawabu. Waingereza wana hifadhi ya vinasaba na habari za afya za watu 500,000, waliojiandikisha wakiwa na miaka 40 hadi 69, na mtafiti lazima aombe na aseme anatafuta nini. Huko kwenu serikali ilifungua mwaka 2018 mradi unaolenga watu milioni 1 au zaidi, ambao anayetoa anaweza kupewa majibu yake. Uliza hao. Waulize nani anaingia, ukijitoa kinabaki nini, na kampuni ikinunua au ikifilisika itakuwaje, maana mwaka 2025 tumesikia 23andMe, kampuni ya huko ya kupima vinasaba, imekwenda mahakamani kwa kufilisika ikiwa imeshika vinasaba vya mamilioni ya watu. Wakikujibu vizuri, tia saini. Mwezi wa kuzaliwa unatosha, tarehe usiweke. Kijiji usiandike, andika Tanzania ya kati.

Na waulize hili kwa niaba yangu: wanapokea daftari? Lina kurasa 64, miaka mitatu na miezi minane ya mtoto mmoja, kila homa na kila uvimbe kwa tarehe. Mama yako anasema lisiondoke nyumbani, na mimi nakubaliana naye. Mdogo wako atalipiga picha kwa simu akutumie, jina la Yohana akiwa amelifunika kwa karatasi. Nimemwambia aanze ukurasa wa kwanza aishie wa 63.

Msalimie Baraka. Mwambie babu anauliza kama ameshajua kuhesabu kwa Kigogo.

Ni mimi baba yako.