Isale kwa ajili ya limau

Mhariri, swali lenu la wiki hii, "Limau ni dawa au ni mazoea tu?", nimelisoma alfajiri nikiwa nakata ndimu za supu, na likaniuma kuliko ile juisi iliyoingia kwenye mchubuko wa kidole. Najua litakavyojibiwa. Nusu watasema linatibu mpaka malaria, nusu watacheka nyungu za korona za 2020. Mimi nina kibanda cha chakula karibu na Soko la Mbuyuni hapa Moshi, na jibu langu ni fupi: limau ni kiungo. Kazi yake ninayoweza kuiapia ni kukata shombo ya perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu na kuichangamsha supu. (Wanaoita ndimu limau na limau ndimu, leo sina muda nao.)

Binti yangu anasomea famasi, na amenibishia hapa hapa nikiandika. Anasema mwaka 1747 daktari wa Kiskoti, James Lind, alichukua mabaharia 12 wagonjwa wa kiseyeye, akawagawa wawili wawili, kila jozi na tiba yake. Waliopewa machungwa mawili na limau moja kwa siku ndio waliopona upesi. "Hiyo si dawa, Mama?" Nikamwambia hao walikuwa na njaa ya matunda. Lakini lingine nimelikubali: kamulia limau kwenye mboga ya mnafu, damu inapata madini ya chuma vizuri zaidi, wakati chai ya rangi juu ya chakula inayazuia. Basi. Malaria nenda kapime, unywe dawa mseto. Na nyie dada zangu mnaojipaka limau usoni kuondoa madoa halafu mnatoka juani, mtaungua. Mteja wangu mmoja alibabuka shavu zima.

Mngeuliza limau la nyumbani ni la nani, hapo ningekuwa na la kusema.

Mama mkwe wangu, kule Kibosho mlimani Kilimanjaro, alikuwa na mlimau mmoja nyuma ya jiko, kati ya migomba na zizi. Ule wa kienyeji wenye miiba, limau lake ganda nene, limekunjamana, na chuchu kwenye ncha. Baba mkwe aliuotesha kwa mbegu kabla mume wangu hajaanza shule. Jirani yeyote aliruhusiwa kuchuma, kwa masharti mawili: upige hodi, na uchume kwa mkono bila kutikisa. Mlimau hubeba maua na matunda kwa wakati mmoja, ukiutikisa unapoteza na ya miezi ijayo.

Aprili 2020 kila nyumba ilikuwa inajifukiza: mchaichai, majani ya mkaratusi, tangawizi, malimau. Hapa Mbuyuni nilikuwa nanunua limau moja shilingi 500. Jumapili moja, Mama akiwa kanisani, shemeji yangu mdogo akaleta mchuuzi na pikipiki mbili. Wakaupiga ule mti kwa fito, wakajaza magunia mawili, wakaondoka.

Mimi na mume wangu tulifika wakati Mama anarudi. Hakusema neno. Alivua viatu vya kanisani, akachukua ungo, akaketi chini ya mti na kuanza kuokota maua yaliyopukutika, moja moja, kama anachambua mchele. Nilipoinama kumsaidia akanizuia kwa mkono. Nikabaki nimesimama nayatazama. Miaka yote ya kula malimau yake sikuwa nimejua kwamba ua la mlimau ni jeupe ndani, na mgongoni lina zambarau hafifu.

Kwa siku tisa hakuitikia shikamoo ya mwanawe. Katikati ya siku hizo nikanunua malimau sita sokoni, shilingi 3,000, nayageuza mkononi naona chuchu. Nilikuwa nimenunua malimau ya ukweni kwangu.

Siku ya kumi shemeji akaja na isale, lile jani la Wachagga la kuombea msamaha, pamoja na kibuyu cha mbege na mzee mmoja wa ukoo wa kumsemea. Mnajua isale, likifika mlangoni halikataliwi. Lakini isale kwa ajili ya limau! Mzee mwenyewe alikuwa anabana kicheko. Mama akalipokea, akalilaza mapajani.

"Walikupa shilingi ngapi?"

"Elfu thelathini, Mama."

Akanigeukia. "Mama Neema, huko mjini moja mnauziwaje?"

Nikasema mia tano. Akakaa kimya, nadhani anapiga hesabu ya magunia. "Kumbe hata kuiba hujui," akamwambia, na hapo ndipo alipokasirika kweli.

Tulicheka mwaka mzima. Lakini leo nakumbuka jambo jingine: miezi ile mti ulipokuwa mtupu, hodi zilikoma. Kabla ya hapo, jirani mmoja aliwahi kuja jioni kuomba limau la kikohozi cha mwanawe. Mama alimpapasa mtoto shingoni, akamtazama mbavu zinavyoingia akivuta pumzi, akamtimua mama yake mbio zahanati. Nimonia. Limau lilibaki juu ya meza. Sindano ndiyo iliyomponya, sibishi. Ila asingefuata limau, nani mwingine angemshika mtoto yule jioni ile?

Kwa hiyo niandikeni kwamba ni dawa, hata kama kikohozi hakiponyi. Kama mnahesabu ya kunywa tu, niacheni upande wa mazoea.

Mama alifariki 2022. Mti upo, lakini majani yake machanga yana vipele na matawi yanaingia manjano. Bwana shamba ametuambia ni ugonjwa unaoletwa na kidudu kinachofyonza majani, kinapenda baridi ya huku juu, na mti ukishaugua hauponi. Ukatwe, la sivyo utaambukiza ya majirani, kisha tununue mche wa kubebesha. Mimi niliyeanza kwa kusema ni kiungo tu, nimeomba wasubiri kwanza. Shemeji ndiye mwenye panga. Naye ananiuliza, akishaukata, isale ampelekee nani.